Uzi: Tulivyoandaa siku ya kuendesha gari kwenye koni, Fumba (na wa Pemba karibuni)

#1 Mleta uzi

Assalaam alaykum wanabaraza.

Niliahidi baada ya siku yetu ya Fumba kwamba nitaandika kila kitu, kuanzia barua ya sheha mpaka koni ya mwisho kurudi stoo, ili mwenye nia ya kufanya kwao asianze gizani kama tulivyoanza sisi. Uzi utakuwa mrefu. Tieni chai, kaeni.

Kwanza tuelewane. Haikuwa mbio. Hapakuwa na mshindi wala zawadi, na hatukumpimia muda mtu yeyote. Wenzetu Uingereza wana siku za namna hii kwenye viwanja vikubwa: mtu analipa, anaingia na gari yake ileile ya kwendea kazini, anaendesha dakika 15 au 20, anatoka, anaipoza, anaingia tena. Viwanja vyao vingi vilikuwa vya ndege za kivita. Silverstone na Goodwood vyote vilianza mbio mwaka 1948 juu ya lami iliyoachwa na jeshi la anga. Sisi hatukuachiwa lami ya namna hiyo. Unguja haina uwanja wa mbio, Pemba haina. Kijana mwenye Altezza au Mark X akitaka kujua gari yake inafika wapi, anakwenda kujulia barabarani, usiku, watu wamelala.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka michache nyuma natoka Mahonda peke yangu, saa tano usiku, nikaingia kona kwa mwendo ambao sijawahi kuujaribu. Nyuma kukaniponyoka. Gari ikazunguka, ikasimama imeelekea nilikotoka, gurudumu moja limeingia mtaroni. Mbele ya taa zangu alikuwepo mtu na baiskeli, amefunga mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma. Hatua tano, sita. Hakunitukana, hakusema neno. Aliniangalia tu, akashuka, akaisukuma baiskeli yake akapita kando ya gari yangu. Majani yalikuwa mabichi, nikayasikia harufu kupitia dirishani.

Tangu usiku ule nimekuwa nikitafuta pahala ambapo gari inaweza kuteleza na mbele yake pasiwe na mtu. Hiyo ndiyo habari yote ya uzi huu. Mengine ni namna ya kulipata pahala hapo na kulilinda.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Kiwanja. Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko kitu chochote, na ningeambiwa nianze upya ningetumia zaidi. Wiki tatu tulizunguka, tukaona viwanja saba. Kimoja kina nguzo za umeme. Kimoja kizuri sana, lakini njia ya watoto wa chuoni inakikata katikati, na watoto hawatazami ratiba yako. Viwili viko karibu na bahari na kusi ilikuwa inavuma: unafagia asubuhi, saa nne lami ina mchanga tena, na mchanga juu ya lami ni kama marumaru chini ya mpira. Kingine kina mteremko ambao kwa macho huuoni, tukamwaga ndoo ya maji, maji yakakimbia.

Tulichokipata mwisho ni lami ya mtu binafsi upande wa Fumba, hupaki malori. Mita 130 kwa 70, ukuta upande mmoja tu. Tulikipima kwa kamba yenye mafundo, kisha tukatembea mguu kwa mguu watu sita tumepanga mstari, tukiokota misumari, mawe na vipande vya waya. Tulijaza ndoo mbili. Doa la oili lilikuwepo moja, tukalimwagia vumbi la mbao, tukalifagia, na bado tukapitisha njia mbali nalo.

Tulijiwekea masharti mawili ambayo hatukuyavunja hata pale yalipotuharibia njia nzuri. La kwanza: hakuna koni itakayokuwa chini ya mita 10 kutoka kitu kisichosogea. La pili: watazamaji mita 25 nyuma, upande ambao gari ikiponyoka haiendi. Mtu hasimami mwisho wa nyoofu, yaani pale njia iliponyooka, wala nje ya kona, hata awe mwenye kiwanja.

Kasi tuliizuia kwa umbo la njia. Hili nataka mulielewe vizuri, maana wengi walitaka tuandike bango "mwisho 60" na kumaliza. Bango halimshiki mtu aliyepandwa na damu. Kona inamshika. Gari ya kawaida yenye mipira mizuri kwenye lami kavu, ukiipitisha kwenye kona ambayo kutoka katikati ya duara mpaka njia ni mita 15, haivuki sana kilomita 39 kwa saa. Ukizidisha inateleza na kugonga koni, basi. Kwa hivyo ukipanga kona za mita 15 na katikati yake nyoofu isiyozidi mita 40, na ndani ya hizo 40 dereva anatakiwa afunge breki, hata gari yenye injini kubwa haipati nafasi ya kukimbia. Mark X yenye injini kubwa na Vitz ndogo zilikuwa karibu sawa. Mwenye Vitz alifurahi mpaka akampigia simu mamaake.

Njiani gari moja tu kwa wakati. Hili halina mjadala. Siku za wenzetu wanaingia gari nyingi pamoja na kupitana kwenye nyoofu tu, tena mpaka wa mbele akubali kupitiwa. Sisi bado hatujafika huko.

#3 Fundi breki

Waalaykum salaam. Ahsante kwa uzi. Mimi nilikuwepo siku ile kwenye ukaguzi na naomba niongeze la upande wangu kabla watu hawajaanza kuuliza habari za injini na egzosi.

Wenzangu, mafuta ya breki yanakunywa maji. Hayahitaji kumwagiwa, yanayavuta hewani taratibu, na hewa yetu ya kisiwani ina unyevu mwaka mzima. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya makavu, kiwango chake cha kuchemka si chini ya nyuzi 205. Yakishakunywa maji kinaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa na maji. Sasa gari nyingi zinazokuja kwangu, ukimuuliza mwenyewe lini alibadilisha mafuta ya breki, anakwambia "hayajapungua". Hayajapungua, lakini yamekuwa meusi kama chai ya rangi.

Ukiendesha mjini hujui kitu. Ukienda kwenye koni, breki kumi na tano ndani ya dakika mbili, diski zinapata moto, moto unapanda kwenye kalipa, kile kibanio cha pedi, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Unakanyaga pedeli, mguu unazama kama umekanyaga godoro. Siku ile gari tatu kati ya 14 nilizirudisha kwa mafuta peke yake. Mbili zilibadilisha palepale, nilichukua chupa kutoka gereji.

Na moja dogo. Ukitoka njiani, usivute hendibreki. Pedi zina moto, zinabana pahala pamoja pa diski au ngoma, unaharibu. Tia P, weka kabari ya mti chini ya gurudumu, acha boneti wazi ipoe.

#4 Mleta uzi

Fundi amesema kweli, na bila yeye tungeliona jambo baya. Ukaguzi ulikuwa hivi, kwa wanaotaka kunakili: nati za magurudumu zote zikazwe kwa spana ya kipimo (Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm, si kurukia spana kwa mguu), betri imefungwa haichezi, hakuna tone chini ya gari baada ya kuwasha dakika tano, mikanda inashika ukiivuta ghafla, pedi zimebaki zaidi ya nusu, mipira haina nyufa na haijafika kwenye alama ya 1.6 mm.

Mipira naomba niikazie. Wengi wetu tunanunua iliyotumika. Tazameni ubavuni, kuna tarakimu nne mwisho wa maandishi yanayoanzia DOT. Ikiwa 2314, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Meno yanaweza kuwa mazuri kabisa na mpira wenyewe umeshakuwa mkavu kama ukoko. Mmoja tulimkatalia kwa hilo, akachukia, akakaa pembeni saa nzima. Baadae akaomba kuwa mtu wa bendera, yule anayesimama kando ya njia kuwaashiria madereva, na alikuwa bora kuliko wote.

Kisha kila kitu kinatoka ndani ya gari. Kila kitu. Jeki, mpira wa spea, mswala, champali, mwavuli, kiti cha mtoto, mazulia ya chini.

Sasa nieleze kilichotokea, maana sikukieleza hadharani na kuna watu walihadithia vingine.

Gari moja ilipita ukaguzi safi. Dereva akashuka, akaenda kununua maji, akarudi, akaiweka chupa kwenye kiti cha pembeni. Chupa ya nusu lita. Mzunguko wa pili, kwenye kona ya kushoto, chupa ikaanguka, ikaviringika, ikaingia chini ya pedeli ya breki. Aliyeliona kwanza hakuwa dereva, alikuwa mtu wa bendera nambari tatu: gari imefika kwenye koni za breki na taa nyekundu za nyuma haziwaki. Akanyanyua bendera nyekundu hapohapo. Dereva akaachia pedeli ya mafuta, akavuta hendibreki kidogo kidogo, akapita katikati ya koni sita zikaruka, akasimama kwenye ile nafasi ya mita 10 tuliyoiacha tupu. Tulipofungua mlango chupa ilikuwa imebanwa bapa, kizibo kimefyatuka, zulia la gari limerowa, na mguu wake wa kulia unatetemeka hauachi. Tulimkalisha kivulini. Hatukuendelea mpaka imepita nusu saa na kila gari imekaguliwa upya.

Kosa lilikuwa letu waandaaji. Tulikagua gari mara moja asubuhi tukadhani basi. Sasa kila gari inapoingia mstarini kuna mtu anaingiza kichwa dirishani, anatazama chini ya viti na kwenye viti, kila mzunguko, hata kama gari imetoka dakika tano nyuma.

#5 Kijana wa Chukwani

Bro uzi mzuri ila kwa nini musiombe kufungiwa barabara moja ndefu asubuhi mapema watu wafike hata 100? Koni kila mita kumi na tano mtu hasikii raha ya gari.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ndilo nililokuwa najiuliza mwenyewe kabla ya ile kona ya Mahonda, kwa hivyo nakujibu kwa heshima.

Kwenye lami kavu na breki nzuri, ukiwa 50 unasimama kwa karibu mita 14. Ukiwa 100, karibu mita 55. Kasi imezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne. Tena hapo sijatia ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, ambayo kwa 100 inakula mita 28 nyingine. Sasa piga picha barabara yoyote ya kwetu: mita 80 mbele kuna nini? Mnazi, nguzo, kibanda cha mama anayeuza mihogo, mtaro. Barabara haina pahala pa kukosea. Ukifunga magari, huwezi kufunga mbuzi, na wala huwezi kumzuia mtu kutoka nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma.

Raha utaisikia. Njoo mara moja. Mtu anayesema koni ni za watoto mara nyingi mzunguko wa kwanza anaangusha nane.

#7 Mama wa IST

Mimi ni mmoja wa wanawake wawili tulioendesha siku ile. Niseme ukweli, nilikwenda kwa sababu kaka yangu alinilazimisha, na nilikaa kwenye gari nusu saa sitaki kushuka kwa aibu ya kuona wanaume wote wale.

Kilichonibadilisha ni zoezi la breki. Walitwambia: fika 50, ukipita koni nyekundu, kanyaga breki kwa nguvu zako zote, usiachie. Mara ya kwanza nikakanyaga, pedeli ikaanza kunipiga chini ya mguu, drrrr, kama cherehani. Nikaogopa nikaachia, nikadhani imevunjika. Kumbe ndiyo ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, inafanya kazi. Miaka minne naendesha gari hii, sijawahi kuisikia, na siku ningeihitaji barabarani ningeachia breki vilevile. Mara ya nne nilikanyaga mpaka mwisho na nikaweza kugeuza sukani nikakwepa koni huku nimefunga breki. Nilishuka nalia, si kwa huzuni.

Kwa dada zangu wanaotaka kuja: helmeti na mtandio vinakaa vizuri, lakini pini hapana, hata moja. Vaa kofia ya ndani iliyobana, usifunge fundo nyuma ya kichwa kwa sababu helmeti italisukuma na kichwa kitaumwa. Buibui pana linaingia kwenye pedeli. Mimi nilivaa suruali pana na shati refu mpaka magotini, na viatu vya kufunga. Waandaaji walitutengea pahala petu pa kukaa na pa kusalia, nawashukuru kwa hilo.

#8 Mleta uzi

Ahsante dada, na pini ni jambo ambalo sisi wanaume tusingelijua kabisa. Na kanzu nazo tulizikataa kwa sababu hiyo hiyo, waliokuja nazo walibadilisha. Champali marufuku.

Kuhusu helmeti, wengi wameniuliza inbox. Za gari zenye alama ya SA ya Snell, shirika linalopima helmeti, zina kitambaa cha ndani kinachohimili moto. Za pikipiki alama yake ni M, zinalinda kichwa lakini hazikutengenezwa kwa moto. Kwa mwendo wetu tulikubali za pikipiki zilizo nzima, zisizowahi kuanguka vibaya. Tukipanda mwendo siku za mbele, sharti hili litabadilika.

#9 Mzee wa Mfenesini

Nimesoma yote. Mimi nimeendesha gari kisiwa hiki tangu za mbao zinabeba abiria na majogoo. Sina ugomvi na vijana, lakini naona petroli inachomwa bure, mipira inaliwa bure, na kelele. Hivi si israfu? Na nani atamzuia kijana aliyefundishwa kukata kona asiende kuikata barabarani?

#10 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako nimeyapokea na nimekaa nayo siku mbili kabla ya kujibu.

La petroli: kila gari ilizunguka mara nane, mzunguko mmoja hauzidi nusu kilomita. Hiyo ni chini ya safari ya Fumba mjini mara moja. Mipira kweli inalika zaidi ya kawaida, sitaficha. La kelele tulimwendea sheha kwanza kabla ya mtu yeyote, tukapita nyumba kwa nyumba zilizo karibu, tukakubaliana: hakuna gari kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, tunasimama saa sita na robo kwa ajili ya adhuhuri, tunarudi saa nane, na alasiri inapoadhiniwa tumeshafunga. Gari yenye egzosi iliyotobolewa hatukuiruhusu. Bibi mmoja jirani alituomba tusifanye siku ya khitma ya mumewe, tukasogeza wiki moja.

La pili ndilo zito zaidi. Siwezi kukuhakikishia kila kijana. Ninachoweza kukwambia ni nilichokiona: wengi wao waligundua siku ile kwamba hawajui. Kijana anayejiona bingwa anaangusha koni kwa mwendo wa 35. Anashuka kimya, anauliza maswali. Na tuna sharti moja: akionekana mwanachama anakimbiza gari barabarani, picha au ushahidi wa mtu, haji tena. Tumeshamtoa mmoja, na alikuwa rafiki yangu.

#11 Mzee wa Mfenesini

Marahaba mwanangu. Hilo la kumtoa rafiki yako limenikalia vizuri. Siku nyengine niambieni, nitakuja kukaa.

#12 Muuguzi

Nilikuwa kwenye gari ya wagonjwa siku ile kwa hivyo nitasema mafupi.

Sharti letu lilikuwa hili: gari ya wagonjwa ikiondoka kiwanjani kwa sababu yoyote, hata kupeleka mtu aliyeumwa na tumbo, uendeshaji unasimama mpaka irudi. Waandaaji walikubali kabla sijamaliza sentensi, ndiyo maana nikakubali kuja. Njia ya kutoka mpaka barabara kuu iwe wazi muda wote. Nilikuta watu wamepaki pale, wakaondolewa.

Kwa kweli kazi yangu kubwa siku ile ilikuwa jua. Dereva amevaa helmeti, madirisha wazi, AC imezimwa, lami inarudisha moto, na anasubiri mstarini dakika ishirini. Wawili walipata kizunguzungu. Turubai la kivuli liwepo mstarini, si kwa watazamaji peke yao. Maji anayekunywa anywe nje ya gari (na chupa ibaki nje). Madafu yalisaidia sana.

#13 Mleta uzi

Na hapo umenikumbusha fedha, maana wanaotaka kunakili wataniuliza. Gari 14, kila mmoja alichanga shilingi 50,000, ikawa 700,000. Zimekwenda kwenye kukodi turubai na koni 78, mafuta ya gari ya wagonjwa na posho ya wahudumu, kujaza mitungi minne ya kuzimia moto ya kilo 6, maji, madafu na biriani ya watu wa bendera. Mwenye kiwanja hakutaka kodi, alitaka kirudi safi. Kilirudi kisafi kuliko tulivyokikuta.

Bendera tulishonesha kwa fundi cherehani. Za kijani, manjano, nyekundu, nyeusi, na ile ya mirabaraba ya kumalizia. Kijani njia safi. Manjano kuna jambo, punguza. Nyeusi wewe dereva, toka uje tuzungumze. Nyekundu kwenye viwanja vikubwa maana yake ni kupunguza, kutopita mtu na kurudi ulikotokea. Sisi kwa kuwa njiani ni gari moja, tuliifanya simama hapohapo ulipo. Kila mtu wa bendera ana redio ya mkononi, ana mtungi wa moto karibu, na haki ya kusimamisha shughuli yote bila kuuliza mtu. Hata mimi mwandaaji siwezi kumpinga. Watu wa bendera wapeni chakula kwanza, wabadilisheni kila saa, wawekeni kivulini. Ninyi mukishughulika na gari, yeye ndiye anayetazama.

Barua: sheha, nakala kituo cha polisi, nakala kwa zimamoto. Fomu kila dereva ametia saini kwamba gari yake ikiharibika ni juu yake.

Na bima. Someni karatasi zenu. Bima nyingi za gari haziingii kwenye mashindano wala majaribio ya kasi, na baadhi ya maneno yake ni mapana kiasi cha kugusa hata siku kama yetu. Nendeni mkaulize, na jawabu lake mulichukue kwa maandishi. La mdomo halikusaidii.

#14 Mwenye Vitz

Mimi ndiye niliyempigia mama. Nina swali: gari yangu ni CVT, ile giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, mzunguko wa tano iliandika joto kwenye dashibodi ikakosa nguvu. Nimeiharibu?

#15 Fundi breki

Hukuiharibu, ilijilinda. Giaboksi ya CVT hupata moto haraka ukiibana na kuachia mfululizo. Mizunguko mitatu, pumzisha nusu saa, na mafuta yake yawe ya CVT hasa, si ya otomatiki ya kawaida. Ilete nitazame rangi yake.

#16 Dereva wa Wete

Assalaam alaykum kutoka Pemba. Tumeusoma uzi huu barazani watu tisa, mmoja anasoma kwa sauti. Sisi tuna gari kumi na moja, fundi tunaye, na muuguzi ameshakubali. Sheha ametwambia tulete barua. Tabu yetu ni kiwanja. Munajua Pemba yetu ni vilima na mabonde, lami tambarare ni chache, ukiipata ina jengo juu yake. Tumepata kimoja. Tumepima kwa kamba kama mulivyosema: mita 95 kwa 50. Lami nzuri, haina mchanga, maji tumemwaga yamesimama. Ila katikati pana nguzo ya taa, ya chuma. Tumefikiria kuizungushia mipira mizee mitatu mitatu kwenda juu. Munasemaje?

#17 Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu zangu wa Wete, mumenifurahisha sana, na hasa kwamba muuguzi amekubali kabla ya kiwanja kupatikana.

Nguzo hapana. Mipira mizee inapunguza kishindo, haiiondoi nguzo, na gari ikiponyoka kwenye kiwanja cha mita 50 kila upande wake unaelekea katikati. Ukiacha mita 10 kila upande wa nguzo na mita 10 kutoka kingo, njia iliyobaki haipiti hata kona mbili. Nimeichora hapa usiku mara tatu, nikaigeuza kila namna, haikai.

Ila zoezi la breki aliloeleza dada wa IST linaweza kukaa. Linataka mstari mmoja tu. Tumieni upande mrefu wa kiwanja kwa urefu wake, nguzo ibaki ubavuni zaidi ya mita 10, anzeni kwa mwendo wa 30, kisha 40, na nyuma ya koni ya kusimamia acheni tupu mita 30. Gari moja moja. Hiyo peke yake inatosha siku nzima kwa gari kumi na moja. Huku munaendelea kutafuta.

#18 Dereva wa Wete

Tumekubaliana. Mstari wa breki tutaufanya hapa. Na kuna lami nyengine upande wa Wesha tumeambiwa haina kitu juu yake, kesho baada ya alfajiri tunakwenda na kamba.

#19 Mleta uzi

Chukueni na ndoo ya maji. Pigeni picha kutoka pembe zote nne, na moja mtu amesimama pale mutakapoweka koni ya mwisho, anatazama gari itakapokwenda ikiwa breki hazikushika. Nitumieni hiyo kwanza.